Tulichimba mfereji wa bomba kama tunavyochimba kaburi: yaliyotupata Giheke

Salaam wakuu. Heshima kwa wote, na nyie mnaosoma kimyakimya bila kukomenti nawaona pia.

Leo naleta kisa kilichonipata mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Mkifika mahali mkahisi nimeongeza, jueni hapo ndipo nimepunguza, maana ndugu wa mke wangu wanasoma humu.

Mimi ni fundi bomba, naishi Kamembe, Rusizi, upande wa Rwanda.

Wengi wenu Rusizi mnaijua kama mahali pa kugongewa pasipoti mkielekea Bukavu. Mnashuka mpakani, mnavuka daraja, mnatusahau. Hakuna kinyongo. Lakini huku tuko watu, tuna msikiti, tuna Kiswahili chetu ambacho Watanzania mkikisikia mnashika mbavu. Watu wakiongea humu nitaandika walivyosema. Chekeni kidogo, halafu tuendelee.

Sasa, baba mkwe wangu.

Mzee Rajabu alikuwa mkuu wa wachimba kaburi wa msikiti wetu. Hiyo si ajira, ni kazi ya thawabu. Mtu akifariki, Mzee alikuwa anapita mtaani na filimbi yake shingoni, anapuliza, vijana wanatoka majumbani na sururu na makoleo. Hakuna aliyekuwa anauliza. Ukiisikia filimbi unajua kuna mgeni wa kaburi.

Na kaburi la Mzee Rajabu lilikuwa kaburi kweli. Kuta zimenyooka utadhani zimekatwa kwa kisu kwenye sabuni. Pembe zote sawa. Watu waliokuja kuzika kutoka Bukavu walikuwa wanachungulia na kusifu. Kuna bwana mmoja alichungulia akasema, jamani, hapa hata mimi ningelala. Baada ya muda si mrefu alilala.

Kwa wasiojua taratibu zetu, nieleze kidogo, kwa sababu bila hili hamtaelewa kilichotokea.

Kaburi la Kiislamu likifika kina chake, chini kunachongwa pale pa kumlaza maiti, tunapaita mwanandani. Ukishamlaza, unamfunika kwa mbao, ndipo udongo unarudi. Udongo wenyewe hautupwi mbali. Unarundikwa pale pale ukingoni, kwa sababu kila aliyekuja kuzika lazima apate kutupia vumbi lake, na kufukia kunatakiwa kuwe haraka.

Kwa hiyo shikeni mambo matatu. Kuta zilizonyooka. Udongo ukingoni. Mbao ni za maiti.

Twende Giheke.

Miaka kadhaa nyuma kampuni moja (sitaji jina, bado natafuta kazi) ilipata tenda ya kupeleka maji kwenye vijiji vya Giheke. Bomba kubwa lilitakiwa kupita ubavuni mwa kilima, na kuna kipande ambacho mfereji ulikuwa lazima uende chini sana, mtu mrefu akisimama ndani humuoni hata kofia. Tingatinga halikuweza kufika pale, mteremko ni mkali. Ikabidi mikono.

Wakauliza, nani huku anajua kuchimba?

Kamembe nzima ikajibu jina moja.

Mzee akafanywa kapita, yaani msimamizi wa wachimbaji. Akaja na vijana wake wa makaburi. Mimi nikaja kwa ajili ya mabomba. Nusu nyingine ya kikosi walikuwa wakulima wa Gikundamvura, wanaume wa jembe, na aliyekuwa anawasemea aliitwa Déo. Mkatoliki, mpole, ana tabia ya kuangalia kitu kwa muda mrefu kabla ya kukigusa. Hata chapati anaiangalia kwanza.

Kazi ikaanza. Filimbi inalia, tunaingia. Filimbi inalia, tunatoka. Mfereji ukawa unatembea kwenye kilima umenyooka, mzuri kweli. Nilikuwa naupiga picha na kumtumia mke wangu. Yeye ni binti wa Mzee, anaitwa Zaina, kwa hiyo mambo ya kuta zilizonyooka amezaliwa nayo.

Injinia wetu alikuwa mwanamke, Madame Solange. Alikuwa na saiti kadhaa, kwetu anapita mara mojamoja. Siku ya kwanza aliyofika alikuta mfereji umeshaingia kina, akasimama mbali na ukingo, akaangalia ule udongo uliorundikwa juu, akaangalia kuta. Hakusifu. Mzee alikuwa anasubiri sifa, nilimwona alivyoweka mikono nyuma.

Madame akasema, "Mzee, hizi kuta zinataka mbao. Mbao huku, mbao kule, na miti katikati ya kusukuma. Na ile udongo yote irudi nyuma, mbali. Muntu asiingie mbele ya ile kazi kuisha."

Mzee akamjibu kwa heshima zote, "Ndiyo, Madame."

Kesho yake gari la kampuni likaleta mbao. Mbao nzuri wakuu, nene, zimenyooka, hazina fundo. Na kofia ngumu za plastiki, za njano.

Vijana wa makaburi wakaziangalia zile mbao. Wakaangaliana.

Mmoja akacheka, kile kicheko cha mtu anayeona nyoka kwenye ndoo. Akasema yeye hateremki kwenye shimo lenye mbao, siku akiingia humo atapelekwa na watu wengine, na hatakuwa anajua.

Msimcheke. Fikirieni wenyewe. Tangu utotoni mahali pekee ulipoona mbao ndani ya shimo ni juu ya bibi yako, juu ya jirani yako, juu ya mtoto wa kaka yako. Leo unaambiwa ingia hapo katikati, ukachimbe, ni safety.

Mzee ndiye aliyemaliza mjadala. "Mbao mu shimo njo ya maiti," akasema, yaani mbao shimoni ndizo za maiti. "Sisi tuko bazima."

Na kofia za njano nazo akazikataa, kwa sababu haziingii juu ya kofia yake ya kuswalia.

Nikamwambia, taratibu, kwamba Madame anaweza kurudi akauliza. Yeye ni mkwe wangu wakuu, mnajua mambo ya wakwe. Mkwe hakosolewi. Mkwe anaombewa dua.

Akaniita kwa jina la mtoto wangu, akasema, "Papa Mwajuma, weye angalia mabomba."

Basi mbao zikawa hazina kazi, na Mzee hakuwa mtu wa kuacha kitu kizuri kinyeshewe. Jioni moja akampa lifti dereva wa kampuni. Naam, mmesoma vizuri, lifti alipewa yeye, lakini ukimsikia anavyosimulia utadhani gari lilikuwa lake. Zile mbao akazipeleka Kamembe, msikitini, akamkabidhi Papa Saidi mtunza msikiti. Ziwe sadaka kwa atakayetangulia.

Kwa hiyo mbao za kuzuia tusifukiwe zikawa kwenye stoo ya msikiti, zinasubiri wa kufukiwa.

Nilimweleza Zaina nyumbani. Yeye hana sheria za ukwe, yule ni baba yake. Akaenda kwao na mtandio kichwani, mimi nikabaki nje na viatu mkononi.

Nikamsikia anamwambia, "Papa, weye uko unachimba makaburi ya bantu. Usichimbe ya bwana yangu."

Mzee akajibu, "Bwana yako akiogopa, abakie kule juu na mabomba yake. Mie nilianza kuchimba mbele ya weye kuzaliwa. Hakuna kaburi yenye ilisha kuniangukia."

Na hilo lilikuwa kweli kabisa. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Ukibishana na mtu mwongo una pa kushika.

(Nimerudi, network ilikata. Naona kuna mtu ameshauliza hapo chini kwa nini hatukuacha kazi tukaondoka. Mkuu, wewe una kazi nyingine huko? Nitumie PM.)

Ikaja mvua.

Mvua za masika huku hazina aibu. Ilinyesha mchana kutwa hatukufanya kazi. Ikatulia, tukafanya kazi. Ikarudi. Mfereji ulikuwa wazi muda wote, unasubiri mabomba yaliyokwama njiani, na ule udongo uliorundikwa ukingoni upande wa juu ulikuwa unakunywa maji na kunenepa.

Asubuhi moja tumefika, kumekucha vizuri, jua limetoka, ukungu unapanda kutoka mabondeni. Mzee akapuliza filimbi ya kuingia.

Vijana wa makaburi wakasogea. Watu wa Gikundamvura hawakusogea.

Déo alikuwa amechuchumaa kando ya mfereji upande wa juu, nyuma ya ule udongo, anaangalia chini. Aliangalia muda mrefu kama kawaida yake. Halafu akatia kidole ardhini.

"Papa," akamwambia Mzee, "hii udongo imeachana. Angalia, kidole yangu inaingia."

Mzee akaenda, akaangalia. Kulikuwa na ufa, mwembamba, umetembea sambamba na mfereji kwa urefu mzuri tu.

"Ni jua," akasema Mzee. "Udongo inakauka."

"Ilinyesha jana, Papa."

"Deogratias," Mzee akamwita kwa jina lake lote.

"Mie siingie mule," Déo akasema. Hakupandisha sauti. "Na bantu bangu habaingie. Kwetu tunaogopa. Ukitaka, utuandikie asubui hii hatukutumika kazi. Lakini hatuingie."

Wakuu, mimi nilitamani kumkumbatia yule mtu. Wale vijana wa makaburi nao niliona macho yao. Walikuwa wanaogopa vilevile, ila kwao kuogopa shimo ni kama mvuvi kuogopa maji, huwezi kusema mbele za watu.

Mzee aliwaangalia wote. Mimi naamini pale, kwa sekunde kidogo, alikuwa anaweza kusema basi, tungoje. Lakini kikosi chote kilikuwa kinamtazama, na mtu aliyesifiwa maisha yake yote kwa mashimo hawezi kirahisi kusimama juu ya shimo akasema naliogopa.

Akaweka filimbi ndani ya shati. Akachukua sururu.

"Kama muko na woga, mie njo nitaingia."

Akashuka ngazi.

Tulimsikia anapiga sururu chini. Halafu tukamsikia anaimba kaswida kidogo, kutuonyesha kwamba hali ni shwari.

Halafu ukasikika mlio kama gunia la viazi limetupwa kutoka kwenye lori. Hakukuwa na mngurumo wala nini. Puf, basi. Ule ukingo wa juu ukashuka na mzigo wake wote, na kaswida ikakatika.

Nilikimbia. Watu wote walikimbia, na wote tulikuwa tunakimbilia ukingoni, yaani tunampelekea uzito mwingine.

Aliyetuzuia ni Déo. Alitandaza mikono kama anazuia ng'ombe. "Musikaribie! Mutamuangushia ingine! Mulale chini, muangalie mukiwa mumelala!"

Nikalala kwa tumbo, nikajivuta, nikachungulia.

Mzee alikuwa amesimama wima, mgongo kwenye ukuta wa pili, udongo umemshika mpaka kwapani. Uso umekuwa wa majivu. Mkono mmoja uko nje. Kichwa kitupu.

Akanitazama, akasema kwa pumzi ndogo, "Kofia yangu."

Wakuu, niseme ukweli, nililia pale pale, kifudifudi kwenye matope. Yule ni mtu aliyenipa binti yake wakati sina hata kitanda.

Wale waliowahi kufukiwa watawaambia, udongo hauhitaji kukumeza mzima ndipo ukuue. Ukifika kifuani unatosha. Unatoa pumzi, udongo unakaza kidogo. Ukitaka kuvuta pumzi nyingine, nafasi imepungua. Mzee alikuwa anahema kama mtu anayepuliza uji.

Na juu yake kilikuwa kimebaki kipande kingine cha ukingo, kimening'inia, kina ufa.

Nikampigia Madame Solange. Alikuwa njiani. Alinisikiliza, halafu akaanza kutoa amri moja moja, bila kelele. Msimvute na kamba. Toeni udongo wa juu, kwa mikono, kutoka pembeni, mkirudisha nyuma. Muntu asishuke mpaka kuta zishikwe na mbao.

Halafu akauliza, "Mbao nilileta. Ziko wapi?"

"Ziko msikitini, Madame."

"Zinafanya nini msikitini?"

"Zinangoja."

Sikumwelezea zinangoja nini. Nadhani alielewa, maana alisema neno moja la Kifaransa ambalo si la injinia.

Dereva akawasha gari, nikaruka nyuma. Nyuma yetu niliwaona watu wa Gikundamvura na vijana wa makaburi wamechanganyika, wanavuta ule udongo kwa mikono na kofia za njano. Zile kofia zilikuwa zinachota vizuri sana.

Jirani mmoja, mama mwenye nyumba pale kando, alikuwa ameng'oa mlango wa jiko lake anauburuza kuelekea mferejini. Hakuna aliyemwomba. Ule mlango ndio uliokishika kile kipande kilichoning'inia mpaka tuliporudi. Mama yule Mungu amzidishie milango.

Msikitini nikamkuta Papa Saidi anafagia ua.

"Papa Saidi, nafwata zile mbao."

Akasimamisha ufagio. "Nani alikufa?"

"Hakuna muntu."

"Sasa mbao ya nini?"

"Ya Mzee Rajabu."

Mnaona kosa. Mimi mwenyewe nililiona likiwa limeshatoka mdomoni, lakini nilikuwa na mbao begani, na nilikuwa na haraka. Nikapiga kelele "iko muzima!" nikiwa nyuma ya gari linaloondoka. Papa Saidi tayari alikuwa anasema inna lillahi, anaelekea kwenye kipaza sauti.

Tukarudi Giheke. Madame alikuwa amefika, amepiga magoti kwenye matope na sketi yake, anaongea na Mzee kwa sauti ya chini, anamwambia ahesabu pumzi. Tukashusha mbao kwa kamba. Ubao huku, ubao kule, na katikati miti ya mikaratusi waliyokuwa wameikata Déo na wenzake wakati sisi hatupo, ikapigwa kwa nyundo mpaka ikakaza. Déo ndiye aliyeshuka wa kwanza. Wa pili, yule kijana aliyesema hataingia kwenye shimo lenye mbao. Hakutaniwa na mtu.

Wakawa wanamchimbua kwa mikono na bakuli.

Katikati ya kazi hiyo wakafika watu wa Kamembe.

Walikuja kwa pikipiki, kwa magari, wengine wamevaa kanzu kabisa. Walikuja na sanda. Walikuja na jeneza la msikiti, lile la kubebea, limefunikwa kitambaa cha kijani. Zaina alikuwa mbele, hana viatu, analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena na siombi kuisikia.

Mzee aliisikia kutoka chini.

"Nani ule analia?" akauliza.

"Zaina, Papa," akasema Déo.

"Mumuambie aache. Mie nasikia aibu."

Zaina alivyosikia sauti ya baba yake ikitoka ardhini, akakaa chini. Hakuzimia. Alikaa tu, akaweka mikono mapajani, akasema, "Papa, ukitoka mule nitakuua."

Alitoka. Mguu wa kushoto umevunjika, mbavu zimepasuka, yuko hai. Mateke ya udongo huyajui mpaka umemwona mtu mzima analia anapoguswa kiatu.

Sasa, barabara ilikuwa juu, gari haliwezi kushuka, na Mzee hawezi kutembea. Kitu pekee cha kubebea mtu pale ni kile kilicholetwa na watu wa Kamembe.

Tukalisogeza jeneza.

Mzee akaliangalia. "Siipande ile."

Akabembelezwa. Akasema hapana. Madame akaamrisha. Akasema hapana, Madame. Mwishowe imamu mwenyewe akamwambia ni kitanda tu, mbao ni mbao, hakuna aya iliyokataza. Akakubali kwa sharti moja, hatalala.

Kwa hiyo ndivyo alivyopanda kile kilima. Ameketi juu ya jeneza, mguu umefungwa kwenye vipande vya mti, wanaume wanapokezana kumbeba kama mazishi yetu yote, na yeye mkono mmoja ameuinua juu ili watu wa barabarani wasije wakakosea. Wazee wawili walivua kofia. Mzee akawaitikia.

Madame alimfuata hospitalini. Nilikuwepo, upande wa pili wa kitanda, nimeshika chupa ya maji.

Hakumgombeza. Alimuuliza swali moja.

"Mzee, kaburi, kutoka kuchimba mpaka kufukia, inabakia wazi muda gani?"

Mzee akafikiri. "Tunaanza asubui. Kisha sala tunafukia."

"Na hii ya Giheke ilibakia wazi muda gani?"

Mzee aligeuza uso ukutani mpaka Zaina alipoleta chakula.

Wakuu, hapo ndipo hata mimi nilielewa. Makaburi yake hayakumwangukia hata mara moja kwa sababu hayakupewa nafasi. Ukuta ulionyooka unasimama nusu siku, tunaufukia, tunasema alhamdulillah tunajua kuchimba. Hatukuwahi kuuacha ukute mvua. Alikuwa na ujuzi wa kweli, wa maisha yote, wa shimo la aina nyingine.

Alipona, ila mguu ulibaki mfupi kidogo. Alirudi saiti na fimbo. Kazi ilikuwa bado inaendelea, sasa mfereji wote una mbao, udongo uko mbali mpaka unahitaji kelele kuongea na aliyeko kwenye rundo.

Hakumwomba Déo msamaha. Hatukuwa na mazoea hayo na yeye. Alimsogelea tu, akatoa filimbi shingoni, akamvika. Déo akaiangalia muda mrefu, halafu akaipuliza, na watu wakaingia.

Tangu hapo Mzee alikuwa anakaa kwenye kiti, mbali na ukingo, na kila asubuhi kabla ya salamu alikuwa na swali moja. "Mbao ziko wapi?" Ukijibu vibaya anakurudisha nyumbani na fimbo.

Kazi ilipokwisha kampuni ilimwachia zile mbao za kwanza. Akazirudisha kwa Papa Saidi, akasema zile ni zake, asipewe mtu mwingine. Kwa hiyo waliofariki Kamembe baada ya hapo wote walipata mbao nyingine, na zile zikabaki kwenye kona, na matope ya Giheke bado yamekauka juu yake.

Mzee Rajabu alifariki mwaka jana. Sukari. Kitandani kwake, mchana, Zaina amemshika mkono.

Alikuwa ameacha wasia kwa mdomo, na mimi ndiye niliyeambiwa, mkwe wake, yule yule aliyekuwa akiambiwa aangalie mabomba.

"Papa Mwajuma," alisema, "siku mutachimba yangu, muchukue zile mbao. Mbele muziweke ku kuta, zilinde batoto benye bako banachimba. Bakimaliza, bakitoka bote, njo munipe."

Ilikuwa kiangazi wakuu. Udongo mkavu, kaburi la nusu siku, hakuna ukuta ambao ungeanguka. Watu waliokuja kuzika walichungulia wakauliza hizi mbao zimesimama humu za nini. Sisi tuliendelea kuchimba. Déo alitoka Gikundamvura akaja na filimbi. Alikuwa amesimama kando, hakuchota udongo maana mazishi si ya dini yake, ila kabla ya kila kijana kushuka alikuwa anagusa mbao kwa mkono, anatikisa, ndipo anapuliza.

Udongo tuliurundika mbali. Watu walipokuja kutupia vumbi lao ilibidi watembee, na walitembea.

Vijana walipotoka wote, nilibaki mimi. Nilisimama ndani ya kaburi la mkwe wangu, mbao zimenizunguka, nikiwa hai, nikasikia niko salama kuliko nilivyowahi kusikia kwenye shimo lolote. Nikapiga mti wa katikati ukalegea, nikapitisha mbao juu moja moja.

Halafu wakaniteremshia Mzee. Nikamlaza, nikaomba zile mbao zirudi, nikamfunika. Zilimtosha. Nililia na sikuficha.

Basi wakuu, ndiyo hivyo. Nilichojifunza ni kwamba kitu ambacho hakijawahi kukuua si lazima kiwe rafiki yako, na mwenzako akisema naogopa kuingia, msikilize kabla hujamwita mvivu. Sina zaidi ya hapo, mimi ni fundi bomba.

Matusi kwa mkwe wangu sitayajibu, ameshajibu mwenyewe. Lakini kama unasoma hapa ukiwa kwenye saiti, umekaa juu ya kifusi unakula mihogo yako, unasubiri kuambiwa ushuke, niandikie hapo chini kabla hujashuka.

Mbao ziko wapi?